Mkanda wa Pili

Lugano alikataa kuvua mkanda. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki nje ya wodi ya wanaume, miguu ameitanua kwa sababu ya tumbo la miezi saba, mkono mmoja ukiushika mkanda shingoni kana kwamba muuguzi angekuja kumnyang'anya. Jasho lilimtiririka usoni, ingawa Tukuyu asubuhi ile ilikuwa na ukungu na kila mtu mwingine pale barazani alikuwa amevaa sweta.

"Dada, daktari amesema uvue," alimwambia Subilaga, mwanafunzi wa maadili hospitalini hapo.

"Nimemsikia."

"Amesema ukiendelea, uchungu unaweza kukuanza kabla ya wakati."

"Nimemsikia, dada. Sasa nikivua, yatakwenda wapi?"

Wote wawili walijua. Maumivu yaliyovuliwa hayaendi popote, yanarudi kwa mwenyewe. Na mwenyewe alikuwa upande wa pili wa ukuta, Mzee Ambokile, baba yake Lugano, mwenye saratani iliyokwisha kuingia kwenye mifupa. Dawa zote za kutuliza alikwisha kupewa, mwili ukazizoea, zikawa kama maji.

Kwa watu kama yeye ndipo mikanda ilipotumika. Mgonjwa alivishwa mmoja shingoni, ndugu yake akavishwa mwingine, na maumivu yakagawanyika baina yao. Wakiwa wawili, kila mmoja alibeba nusu. Wakiwa watano, kila mmoja alibaki na kitu kama jino linalouma, akaweza kulima na kupika na kwenda kanisani. Kilichoshindikana ni kuwagawia watu baki. Mishipa ya fahamu huzoeana taratibu, kwa kulala nyumba moja, kula chungu kimoja, kusikia kikohozi cha mwenzako mwaka baada ya mwaka. Mgeni akivishwa mkanda hupokea kidogo mno, haifai hata kumsumbua. Kwa hiyo sheria ilisema kwamba yeyote aliyeishi na mgonjwa miaka kumi au zaidi anaweza kuitwa kubeba, akitaka asitake, isipokuwa mshauri wa maadili wa hospitali amwachilie.

Mzee Ambokile hakuwa na watano. Alikuwa na Lugano tu. Na Lugano, baada ya kumsikia baba yake akilia wiki nzima, aliomba mkanda ugeuzwe ili abebe karibu yote.

Subilaga aliingia wodini. Mzee alikuwa ameegemea mito, amenyolewa ndevu vizuri, anakunywa uji kwa kijiko bila mkono kutetemeka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye yule mwanafunzi?"

"Ndiyo. Mzee, Lugano hawezi kuendelea. Ana mimba, na mimba imeanza kusumbua."

Aliweka kijiko chini. Alionekana kufikiri kweli, na pengine hata kuhuzunika.

"Basi mwiteni mama yake," alisema. "Mwiteni Bupe. Yule anajua kuvumilia."

*

Mwalimu Tusekile alikuwa mshauri wa maadili wa hospitali hiyo kwa miaka mingi, na Subilaga alikuwa kwake kwa mafunzo ya vitendo. Kesi ya Mzee Ambokile alimwachia aiamue mwenyewe, ili baadaye akaitetee mbele ya watahini chuoni Mbeya.

Chuoni walifundishwa nadharia za maadili kwa majina marefu, lakini wanafunzi walikuwa na majina yao. Ile inayotazama matokeo, nani ataumia na kwa kiasi gani, waliiita Hesabu. Ile inayosema kuna mambo hayafanywi kwa mtu hata yakiwa na faida kwa wengine mia, waliiita Amri. Ya tatu, ile inayouliza mtu mwenye tabia njema angefanya nini mahali pako, waliiita Mtu Mwema, na waliicheka kidogo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kukutana naye.

"Haya, niambie," alisema Mwalimu Tusekile huku akimenya kiazi kilichochemshwa. Ofisi yake ilikuwa chumba kidogo nyuma ya jengo la kufulia, na ilinuka sabuni siku zote.

"Hesabu inasema tumwite mama. Lugano avue kabisa, mama abebe nusu, mzee abaki na nusu. Mtoto tumboni anapona. Jumla ya madhara inapungua."

"Amri?"

"Amri inasema huyu mama si chombo. Mume alimpiga kwa miaka kumi na tisa. Faili la ustawi wa jamii linasema aliwahi kuvunjwa taya. Huwezi kumchukua mtu aliyetoroka nyumba ukamrudisha kwa kupitia shingoni."

"Na yule mwenzenu wa tatu?"

"Sijui. Hajasema kitu."

Tusekile alimtazama. "Na wewe unahisi nini?"

Swali hilo Subilaga alilizoea. Miaka miwili nyuma alimbebea mama yake mzazi hadi mwisho. Wabebaji wote hupatwa na ganzi mgonjwa anapofariki, kisha huwatoka baada ya wiki chache. Yake haikumtoka. Kidole kikichomwa sindano alijua kimechomwa, kama mtu anavyojua kwamba leo ni Jumatano. Msibani hakulia, na shangazi zake wakamsema. Chuoni, kinyume chake, walimpokea kwa mikono miwili. Mtu wa namna hiyo, walisema, hayumbishwi.

"Sihisi kitu, Mwalimu. Nadhani nimwachilie huyo mama."

"Ukimwachilia, anabaki Lugano."

"Nitaagiza Lugano avuliwe kwa nguvu."

"Basi mzee atalia mpaka afe. Na wodi nzima itamsikia. Ni haki yako kuagiza hivyo, mimi sikukatazi." Alifuta vidole kwa leso. "Ila kabla hujaamua lazima ukamwone huyo mama. Na kuna jambo moja. Hajui kwamba Lugano anabeba. Binti amemficha. Ukimwambia, umemwekea mtoto wake kwenye mizani. Hapo hata ukimwambia yuko huru, hayuko huru."

"Nisipomwambia nitakuwa nimemficha ukweli unaomhusu."

"Ndiyo. Chagua."

*

Bupe alifanya kazi katika kituo cha kufungashia parachichi kule Ushirika. Walimkuta mwisho wa mstari, mbele ya mkanda wa mpira unaopitisha matunda, akiyatoa yaliyochubuka bila hata kuyatazama sana. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mwenye kitambaa cheupe kichwani kama wenzake wote. Alipowaona aliwaelekeza kwa kichwa wakae kwenye kreti tupu nje, akaja baada ya mashine kuzimwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Amekufa?"

"Bado," alisema Tusekile.

"Mmekuja kuniita."

Subilaga alimweleza sheria. Alimweleza kwamba anaweza kuitwa, na kwamba yeye, Subilaga, ana mamlaka ya kumwachilia. Bupe alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Upande wa kushoto wa taya lake ulikuwa umekaa chini kidogo kuliko wa kulia, hivyo kila neno lilimtoka kama limepishana na lenzake mlangoni.

"Mimi nilikwisha kubeba," alisema. "Hakukuwa na mikanda wakati huo. Niachilie."

"Nitakuachilia, mama."

Bupe aliinuka, akakung'uta aproni. Jambo lingeweza kuishia hapo. Subilaga alimwona Tusekile akitazama pembeni, kwenye malori. Alitafuta ndani yake kitu cha kumzuia asiseme, hakukikuta. Kulikuwa na hoja tu, na hoja mbili kati ya tatu zilisema aseme. Amri ilisema mtu ana haki ya kujua yanayomhusu. Hesabu ilisema akijua, huenda mtoto akapona.

"Mama, anayebeba sasa ni Lugano," alisema. "Amebeba karibu yote. Daktari anaogopa mimba itatoka."

Bupe hakugeuka. Alisimama vile vile, uso ameuelekeza kwenye mlango wa kituo, kwa muda mrefu hivi kwamba msichana mmoja wa mle ndani alichungulia kumtazama.

"Lugano aliniambia yuko Dar," alisema hatimaye. "Kila jioni ananipigia simu. Ananiambia Dar kuna joto."

"Alikuficha usije ukaitwa."

"Na wewe umekuja kunifichulia ili niitike."

"Nimekufichulia kwa sababu ni kweli, mama. Bado naweza kukuachilia."

Sasa Bupe aligeuka. Hakuwa na hasira, au kama alikuwa nayo, alikuwa ameiweka mahali pasipoonekana.

"Unaongea kama karani wa benki," alimwambia. "Nani alikufundisha kuongea hivyo?"

Alikwenda kuvua aproni. Aliporudi alikuwa na sweta begani na mfuko wa nailoni, na alisema neno ambalo hata Tusekile, kwa miaka yake yote, hakuwahi kulisikia.

"Kwa yule mwanamume sitaunganishwa. Mnipeleke hata polisi. Ila mwanangu nililala naye kitanda kimoja tangu siku aliyozaliwa mpaka alipokwenda sekondari. Niunganisheni na yeye. Chochote kilichomo kwake, nipeni mimi."

*

Walibishana ndani ya gari njia nzima, kwa sauti ya chini, Bupe akiwa kiti cha nyuma amefumba macho.

"Mkanda juu ya mkanda haujawahi kufanyika," alisema Tusekile. "Mashine ya mikanda inapima kati ya mgonjwa na mbebaji. Mbebaji wa mbebaji haipimi. Hatutajua amepokea kiasi gani. Akizimia, tutaona amezimia, basi."

"Mkanda wa pili utamsoma Lugano kama mgonjwa?"

"Maumivu ni maumivu, mashine haiulizi yalitoka wapi. Itafanya kazi. Nakwambia tu haitapima."

"Matokeo ni yale yale," alisema Subilaga. "Ni maumivu ya mtu yule yule, yanamfikia mtu yule yule. Kwenye karatasi hakuna tofauti."

"Na kwake yeye?"

Subilaga alitazama kwenye kioo. Bupe alikuwa anapumua polepole.

"Kwake yeye naona ipo," alisema. "Sijui niiite jina gani."

Aliruhusu. Walimweka Lugano chumba cha mwisho cha wodi ya wazazi, mbali kabisa na baba yake. Alipomwona mama yake mlangoni alianza kusema "Mama, samahani, mama," akirudiarudia, na Bupe akamwambia anyamaze, ajisogeze ukutani ampe nafasi. Alipanda kitandani na viatu vyake, akalala nyuma yake kama walivyokuwa wakilala zamani, akanyoosha shingo.

Fundi alifunga mkanda wa pili. Alikosea kifungo mara mbili, akaomba radhi.

"Mama, tutaanza kidogo kidogo," alisema Subilaga. "Ukiona yanazidi, inua mkono."

"Fungua."

Fundi alifungua robo. Mabega ya Lugano yalishuka. Alifungua nusu. Lugano alivuta pumzi ndefu, kama mtu aliyeinua kichwa kutoka majini, akaanza kulia bila sauti. Alifungua yote, na kabla hajaondoa kidole kwenye kitufe, Lugano alikuwa amelala usingizi, mdomo wazi.

Subilaga na Tusekile walimtazama Bupe; fundi alibaki akitazama kitufe. Wabebaji wengi, yanapowaingia mara ya kwanza, hupiga kelele. Wengine hujisaidia. Mwanajeshi mmoja mstaafu, aliyembebea kaka yake robo tu, aling'ata mdomo mpaka ukashonwa. Na haya yalikuwa yote, ya mifupa, yaliyomliza mtu mzima mchana na usiku.

Bupe alikuwa macho. Alikuwa anamtengenezea binti yake shuka.

"Mama?" aliita Subilaga. "Yamefika?"

"Yamefika." Aliguswa na kitu kama mshangao, akatulia akisikiliza mwili wake, kiunoni, mgongoni, kwenye mapaja. Kisha alimtazama Subilaga usoni.

"Ni haya tu?" aliuliza.

Aliinua mkono, Subilaga akadhani anaomba wapunguze, kumbe alikuwa anatafuta ncha ya blanketi.

*

Mzee Ambokile aliishi siku kadhaa zaidi. Alikunywa uji wake, akapokea wachungaji, akazungumza nao habari za shamba. Aliuliza mara moja nani anabeba. Subilaga alimwambia kwamba sheria haimruhusu kusema, jambo ambalo lilikuwa kweli. Bupe alikaa chumba cha mwisho akifuma kofia ya mtoto, akimsimulia Lugano mambo ya kazini, nani kaolewa, nani kafukuzwa. Mara moja moja alinyamaza katikati ya sentensi, akangoja, kisha akaendelea pale pale alipoachia. Asubuhi moja aliweka sindano za kufumia chini akasema, "Amekwenda." Ilichukua dakika chache kabla muuguzi hajaja mbio kutoka wodi ya wanaume kuwaambia jambo lile lile.

Bupe alivua mkanda mwenyewe. Lugano aliomba waende kumwona baba. Bupe alimwambia aende, yeye atamsubiri getini.

Jioni hiyo Tusekile alifunga mlango wa ofisi, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo.

"Nani ameona?" aliuliza.

"Mimi na wewe. Lugano alikuwa amelala. Fundi alikuwa anatazama kitufe, na aliogopa mno. Hakuelewa."

"Vizuri. Sasa nisikilize. Katika jopo la watahini wako yumo Bwana Kyando, wa Ofisi ya Mgawanyo ya Kanda. Kazi yake ni kutafuta wabebaji. Kwa miaka mingi wamejiuliza kwa nini watu fulani hubeba mara tatu ya wenzao. Wamepima damu, wamepima uzito, wamepima imani. Hawajajua." Alikaa. "Wewe unajua. Na mashine haikupima, kwa hiyo hakuna pa kulisoma jambo hili ila kinywani mwako."

"Wakijua watafanya nini?"

"Wewe unadhani watafanya nini? Majalada ya ustawi wa jamii yapo. Kila mwanamke aliyewahi kupigwa wilaya hii ameandikwa humo, kwa jina na kijiji. Watabadilisha kanuni moja tu, kwamba historia ya kipigo si sababu ya kuachiliwa tena. Ni sifa."

"Lakini wodini kuna wagonjwa wasio na wabebaji wa kutosha," alisema Subilaga. "Yule mama wa kitanda cha mlangoni, mwenye mtoto mmoja tu. Anapiga kelele kila akigeuzwa. Dada yake yupo, ameachiliwa kwa sababu hizo hizo."

"Yupo, ndiyo. Sikusema ni rahisi."

"Nifanye nini, Mwalimu?"

"Mimi sikai kwenye kiti hicho," alisema Tusekile. "Unakaa wewe."

*

Watahini walikuwa watatu, katika ukumbi mdogo wenye mapazia ya kijani. Mwenyekiti alikuwa profesa mwanamke mwenye sauti ya taratibu. Wa pili hakusema chochote isipokuwa kupiga chafya. Bwana Kyando alikaa mwisho wa meza, mwanamume mnene mwenye uso wa upole. Tusekile aliketi nyuma kama msimamizi.

Subilaga alieleza kesi vizuri. Alipoulizwa kwa nini alimweleza Bupe habari za Lugano, alijibu kwamba kumficha mtu ukweli ni kumwamulia, na kwamba hata ukweli unaobana ni bora kuliko uhuru uliojengwa juu ya uongo. Profesa aliitikia kwa kichwa, ameridhika, akaandika.

"Nami nina swali," alisema Bwana Kyando. "Dogo tu. Huyu mama, mbebaji wa pili. Aliyapokeaje?"

"Kwa namna gani, mheshimiwa?"

"Alilia? Alizimia? Mashine haikupima, hilo nimeliona. Ndiyo maana nakuuliza wewe uliyekuwepo." Aliegemea mbele. "Nitakwambia kwa nini. Binti yangu, mwaka huu wamefariki watu wengi mikononi mwetu wakipiga mayowe, na wengine ni watoto. Mimi huwatembelea. Silali. Nikipata hata uzi mdogo wa kunionyesha nani anaweza kubeba, nitaufuata."

Alikuwa anasema kweli, macho yake yalionyesha. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mtu mbaya.

Subilaga aliangalia ndani, kama alivyofundishwa. Amri ilimwambia aseme kweli, na dakika chache tu zilizopita alikuwa ameitetea. Hesabu haikufika mwisho. Upande mmoja aliweka wagonjwa wasiojulikana idadi, upande wa pili wanawake wasiojulikana idadi, na katikati hakuona kitu. Alimgeukia Mtu Mwema na hakumkuta. Alimkuta Bupe akiwa amelala na viatu, akiuliza swali lake kwa mshangao, kama mtu aliyeuziwa kitu akakikuta kidogo kuliko alivyotajiwa. Subilaga hakuhisi huruma. Alijua tu kwamba pale palipaswa kuwa na huruma, akafanya kama ingekuwepo.

"Alilia," alisema.

"Sana?"

"Alipiga mayowe, mheshimiwa. Tuliposogea nusu alijisaidia kitandani. Alimwita mama yake. Tulimshika wawili. Hakuacha kulia mpaka siku ya mwisho."

Bwana Kyando alishusha pumzi. "Kwa hiyo ni kama mtu yeyote."

"Kama mtu yeyote."

"Mwalimu Tusekile, ndivyo ulivyoona?"

Subilaga hakugeuka nyuma. Alisikia kiti kikilia.

"Mimi macho yangu yalikuwa kwa binti," alisema Tusekile. "Mimba ndiyo iliyokuwa inanitisha."

Bwana Kyando alifunga kalamu yake. Mwenyekiti alimshukuru mwanafunzi kwa uwazi wake, akamwambia amefaulu na kwamba ripoti yake, pamoja na maelezo aliyoyatoa hapo kwa mdomo, itatumika kufundishia wenzake watakaokuja. Nje, kwenye ngazi, Tusekile alimshika bega, akataka kusema kitu, akaishia kumuuliza kama ana nauli.

*

Alikwenda Ushirika Jumapili iliyofuata. Hakuna aliyemtuma. Alidhani ni haki ya mtu kujua kilichoandikwa juu yake.

Nyumba ya Bupe ilikuwa ya matofali, nyuma yake kuna migomba. Lugano alikuwa ndani na mtoto, wa kike, aliyezaliwa mapema kidogo lakini mzima. Bupe alimpokea Subilaga mlangoni, akamkaribisha kigoda ukumbini, akamletea chai ya maziwa. Subilaga alimweleza yote: ofisi, majalada, swali la Bwana Kyando, jibu alilotoa. Hakupunguza neno.

Bupe alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulisema nililia."

"Ndiyo, mama."

"Kwa sauti."

"Kwa sauti. Nilisema ulijisaidia."

Bupe alitazama mikono yake. Kwa mara ya kwanza Subilaga aliona uso wake ukibadilika, si sana, pale tu kwenye taya lililoshuka.

"Yule mtu alikuwa ananipiga ili nilie," alisema. "Hakuwa na sababu nyingine. Aliniambia mwenyewe, lia tu nitaacha. Miaka kumi na tisa. Angenivunja, angenimwagia maji, sikulia. Lugano akisikia ukutani anajua mama yake halii. Nilipotoka katika ile nyumba sikutoka hata na sufuria, mwanangu. Nilitoka na hilo tu."

Chai ilikuwa inapoa mkononi mwa Subilaga.

"Sasa imeandikwa kwamba nililia kwa ajili yake," alisema Bupe.

"Imeandikwa."

"Wataisoma watu?"

"Wanafunzi. Kila mwaka."

"Inaweza kufutwa?"

"Inaweza. Nikirudi nikasema ukweli, itafutwa. Ukisema nirudi, nitarudi kesho."

Chumbani mtoto alianza kulia na Lugano akamwimbia. Bupe aligeuza kichwa upande huo, akangoja mpaka kukanyamaza.

"Hao wanawake wa kwenye majalada," alisema. "Ni wengi?"

"Ni wengi, mama. Sijui wangapi."

"Wengine bado wanaishi nao hao waume."

"Wengine ndiyo."

"Basi iache."

Alichukua kikombe mkononi mwa Subilaga, ingawa hakijaisha, akakiweka juu ya meza.

"Iache ilivyo," alirudia. "Ila wewe usije tena hapa. Sikuchukii. Lakini nikikuona nitakumbuka kwamba kuna mahali ninalia."

"Nimeelewa, mama."

Subilaga alitoka. Alikwenda mpaka barabarani, akasimama kungoja gari, na gari likaja akaliacha lipite. Alikuwa amejieleza, amehesabu, ametoa ahadi ya kurudi. Kulikuwa na kitu hakukifanya, na ilimchukua muda kukitambua, maana hakuna kilichomchoma ndani kumkumbusha. Alirudi kwa njia ile ile katikati ya migomba. Mlango ulikuwa umefungwa. Alibisha.

Bupe alifungua kiasi cha uso wake tu.

"Mama, nilichukua kitu chako bila kukuuliza," alisema Subilaga. "Naomba radhi."

Bupe alimtazama kwa muda, kama anayetafuta kitu nyuma ya macho yake na hakioni, lakini hataki kusema kwamba hakipo.

"Nimesikia," alisema, akafunga mlango.